Anza na Mkuku: Miaka Yangu ya Kuvunja Boti za Faiba

Siku ya kwanza mtakapotoka kukata boti, ogeni maji ya baridi. Najua asubuhi nyingine upepo wa ziwani unauma na kila mtu anatamani ndoo iliyochemshwa, lakini nisikilizeni. Maji ya moto yanaifungua ngozi, na vile vinyuzi vya faiba msivyoviona vinaingia na kukaa. Jimwagieni maji ya baridi mwili mzima bila kujisugua, yaviteremshe. Sabuni ije baadaye. Na nguo za kazi zisifuliwe beseni moja na nguo za mtoto.

Mimi sikuambiwa. Nilikata Jumamosi, nikaoga maji ya moto vizuri kabisa, na Jumapili nikasimama kwenye kwaya, mstari wa mbele. Wimbo wa kwanza nilijikuna shingo. Wimbo wa pili nilijikuna mgongo kwa kitabu cha nyimbo. Ibada ilipoisha mama mmoja alinivuta pembeni akaniambia kwa upole kwamba hata yeye aliwahi kuwa na upele, nisione aibu, iko dawa ya kupaka. Nilimshukuru. Sikuwa na nguvu ya kumweleza habari za boti.

Mwenye karakana ameniomba niwaandikie kurasa chache kwa kuwa ninyi mnaanza na mimi nimestaafu. Alitaka niandike mambo ya usalama. Nitaandika, ila kwa njia yangu. Jina langu ni Kabula, lakini hapo Nyakato mtasikia wakinitaja kama Mama Minza.

Niliingia karakana hiyo kama mpishi wa uji. Wakati huo hatukuvunja boti, tulizitengeneza. Siku moja fundi mkuu, Mzee Bwire, mtu wa Majita, alikuja jikoni na kikombe chake akanikuta nimetandaza kitambaa mezani, namkatia binti yangu Minza gauni. Akasimama kuutazama mkasi.

"Unakata bila kuchora?"

"Nimeshachora kichwani, mzee."

Kesho yake uji ulipikwa na mtu mwingine. Mimi nikapewa mkasi mkubwa na marobota ya nyuzi za kioo, zile zinazofumwa kama kitambaa, zinatandazwa kwenye umbo la boti na kulowekwa resini mpaka zigande. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi na niliipenda. Boti ikitoka kwenye umbo lake inang'aa, hata uso wako unauona. Tulikuwa tukiwaambia wateja kwamba boti ya faiba haiozi. Hakuna aliyewahi kutuuliza ikishachoka itakwenda wapi, na sisi hatukujiuliza.

Halafu zikaanza kurudi. Jua lilikuwa limezila rangi, chini zina nyufa, na mbao zilizofichwa ndani ya faiba zimelowa na kuoza, maana faiba yenyewe haiozi lakini mbao tuliyoiweka ndani inaoza vizuri tu. Wengi waliziacha ufukweni zikajaa maji ya mvua na mbu. Wengine walizisukuma mpaka getini kwetu, tukifika kazini tunaikuta boti imelala pale kama mgonjwa ambaye ndugu zake wamemleta wakaondoka.

Hatukujua la kufanya, kwa hiyo tulifanya ujinga. Ya kwanza tuliichoma. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukavuka ukuta ukamkuta jirani yetu ameanika mashuka meupe ya nyumba ya wageni. Siku ile karakana nzima ilifua mashuka, Mzee Bwire naye akiwa amechuchumaa kwenye foleni na beseni lake. Na tuliporudi kutazama majivu, kioo kilikuwa kimebaki palepale. Resini iliungua, nyuzi zikalala chini kama mvi. Ya pili tuliizika nyuma ya stoo. Masika yakaifukua.

"Tuliijenga kipande kwa kipande," Mzee Bwire akasema, "tutaivunja kipande kwa kipande, na kila kipande tukitafutie kazi."

Ndivyo kazi mnayoianza ninyi ilivyozaliwa. Ubavu mrefu wa boti ukawa paa la banda la kuku. Sehemu ya mbele iliyochongoka ikageuzwa ikawa kifuniko cha shimo la maji taka. Sakafu tuliiuza kwa wafugaji wa upande wa Shinyanga, wakatengeneza mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Vipande vidogo tulivigonga kwa nyundo mpaka vikawa kokoto, tukavichanganya na saruji. Tofali za mwanzo zilikuwa mbaya, zilimeguka kama andazi la juzi, mpaka tulipojua kwamba faiba ikizidi, saruji haiishiki. Ninyi mmekuta mashine ya kusaga na vipimo vimeandikwa ukutani. Sisi tulipima kwa kopo la rangi.

Nikuambieni pia kuhusu vumbi. Tulianza na msumeno wa mkono, na kwa msumeno vumbi ni kidogo. Ilipoletwa grenda, mashine ya umeme ya kukatia, tulifurahi kwa sababu kazi ya siku mbili iliisha kabla ya chakula cha mchana, lakini karakana ilijaa ukungu mweupe. Tulijifunga leso puani tukadhani inatosha. Haikutosha. Mzee Bwire sasa yuko kwao Majita, ana mihogo yake na wajukuu wake, na akinipigia simu anazungumza sentensi moja, anapumua, anazungumza nyingine. Kwa hiyo barakoa ile nene yenye vichujio si pambo. Mwenzako ashike mpira wa maji, amwagie pale grenda inapokata, vumbi lianguke chini likiwa tope. Na tangi la mafuta msiliguse kwa grenda hata kama limekauka mwaka mzima. Lijazeni maji kwanza, mpaka mdomoni.

Kitu cha mwisho alichonifundisha, ambacho hakiko ukutani, ni kugonga. Chukua sarafu, pitisha kwenye boti yote ukigonga taratibu. Faiba nzima inajibu kwa sauti kavu, nyembamba. Iliyoachana tabaka kwa tabaka, au yenye mbao iliyooza ndani, inajibu kwa sauti nzito, kama ukigonga gunia la mahindi. Baada ya miezi michache sikio lenyewe linajua. Mimi sikio langu lilijua vizuri sana, na ndiyo sababu katika habari ninayotaka kuwasimulia sina wa kumsingizia.

Mzee Bwire alikuwa amekwenda msibani Musoma, mimi nikabaki msimamizi. Ikaletwa boti ya njano. Niliitambua kabla haijashushwa kwenye gari. Nilivikata vitambaa vyake vyote mimi, nikaujaza uvungu wa viti vyake kwa povu gumu, lile linaloisaidia boti isizame hata ikijaa maji. Ilikuwa boti nzuri kuliko zote nilizowahi kushika. Nikaigonga. Mbele ilikuwa nzima, ubavuni nzima. Nyuma, kwenye ule ubao unaobeba injini, ikajibu kama gunia. Nikagonga tena, nikidhani labda nimekosea.

Ilitakiwa ikatwe siku ileile. Nikasema tutaikata kesho. Kesho yake nikasema tukate kwanza ile nyeupe.

Siku ya tatu akaja kijana mmoja mrefu, anaitwa Masatu. Alinisalimu kwa adabu, akasema wana ng'ombe nyumbani na maji ni shida, anaomba boti moja akafanye birika.

"Tunakukatia sakafu," nikamwambia. "Birika halihitaji boti nzima."

"Naomba nzima, mama. Ng'ombe wetu ni wengi."

Akaizunguka ile ya njano. Akapitisha mkono pale nyuma, kwenye matundu ya kufungia injini. Akaniuliza kama zile pete za chuma za ukingoni naziondoa au naziacha.

"Ng'ombe wanataka pete za nini?"

"Za kufungia kamba, mama."

Ninyi mnaosoma mmeshaelewa. Na mimi nilielewa kwamba anataka kuirudisha majini. Lakini niliiona boti yangu inatoka getini ikiwa nzima, bila alama ya grenda, na moyo wangu ukafurahi. Nikajiambia huenda kweli ni ng'ombe.

Hazikupita wiki tatu. Mzee Bwire alikuwa amerudi, tumekaa tunakunywa chai ya saa nne, Masatu akaingia kwa miguu. Shati limemkaukia mwilini, hana viatu.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

Tukaitikia. Nikamuuliza, "Ng'ombe wamekunywa?"

Akatazama chini. Kisha akaeleza yote akiwa amesimama. Ule ubao wa nyuma aliuzibua, akakuta mbao imekuwa kama ugali, akajaza saruji na lami, akapaka rangi ya kijani juu, akafunga injini. Safari zake zilikuwa za kutoka mwalo mmoja, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, karibu na Kigongo kuvuka kwenda upande wa Sengerema, maana daraja lilikuwa bado linajengwa na watu walichoka kusubiri kivuko. Asubuhi ile alikuwa na abiria sita. Walipofika katikati, injini iling'oka na ubao wake wote, ikazama. Maji yakaingia kwa nyuma mara moja.

Mzee Bwire akaweka kikombe chini. "Watu?"

"Wote wazima, mzee. Boti haikwenda chini. Ilijaa maji mpaka ukingoni ikabaki inaelea, wakaishika. Mitumbwi ya dagaa ilikuwa inarudi, ikatuchukua."

Mzee Bwire hakunikaripia. Alinigeukia akaniuliza kana kwamba ananihoji somo.

"Uliigonga?"

"Niliigonga."

"Ikasemaje?"

"Ikasema imeoza nyuma."

"Kwa hiyo ilikuambia. Na mukuku hukuukata." Aliutamka hivyo, mukuku, kwa lafudhi ya kwao. Ni ule uti wa chini unaopita katikati ya boti kutoka mbele hadi nyuma. Ukikatwa mahali pawili, hakuna fundi atakayeirudisha boti majini.

"Sikuukata."

"Haya. Vaeni, twende kwa hao watu."

Watano kati ya wale sita walikuwa hawajapoteza kitu zaidi ya viatu na simu moja. Walitusikiliza, wakamsema Masatu maneno aliyostahili, wakatusamehe au wakachoka, sijui. Wa sita alikuwa Mama Neema, fundi nguo wa Buhongwa. Alikuwa anavuka kwenda kwa dada yake Sengerema, shule ya huko ilikuwa imempa kazi ya kushona sare. Cherehani yake ilikuwa chini ya ziwa.

Tulimkuta kwenye baraza lake, meza ipo, cherehani haipo. Kanga aliyovaa alikuwa ameifunga kwa nguvu kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa linawaka. Nikajitambulisha. Nikamweleza bila kupunguza: niliijua boti, niliigonga, nikajua, nikaitoa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Chini ya viti kulikuwa na kitu kigumu kama godoro kavu. Viti vilipovunjika miguuni mwetu tukakiona. Mwanamume mmoja mtumbwini alisema hicho ndicho kilichotuokoa. Nani alikiweka?"

"Mimi."

"Na aliyeitoa ikiwa mbovu?"

"Mimi."

"Basi mama, mimi sijui nikuamkie vipi."

Niliondoka, na jioni nikarudi na pikipiki, nimepakata cherehani yangu, ile niliyomshonea Minza nguo zake zote. Mama Neema alilizungusha gurudumu lake, akasikiliza, akasema inahitaji mafuta. Hakusema asante na mimi sikuisubiri. Lakini nilipokuwa napanda pikipiki aliniuliza, "Hiyo boti iko wapi sasa?"

Nikamwambia wavuvi wameivuta ufukweni, tutaileta karakana tuikate.

"Siku ya kuikata mniambie."

Tukamwambia. Alikuja asubuhi, amevaa gauni la kazi na raba, akajifunga barakoa tuliyompa. Masatu alikuwepo pia. Mzee Bwire alikuwa amemwambia aje saa moja na mikono yake, na alikuja saa kumi na mbili na nusu. Tuliigeuza boti kifudifudi. Rangi ya kijani ilikuwa imebanduka, njano yangu inaonekana chini yake. Hata pale, vijana wangu, hata baada ya yote yale, nilitamani iachwe nzima.

Mzee Bwire akaninyooshea grenda. "Ni yako," akasema.

Nikaiwasha. Masatu alishika mpira wa maji. Nilikata mkuku mara ya kwanza, hatua mbili kutoka mbele, na boti ikalegea kidogo, sauti yake ikabadilika kabisa. Halafu nikazima nikamtazama Mama Neema.

"Mkato wa pili ukate wewe, ukitaka."

"Sijawahi kushika hicho kitu."

"Umeshika cherehani. Usikisukume, kinaenda chenyewe. Wewe kiongoze tu."

Nilisimama nyuma yake, mikono yangu juu ya yake. Alikata mstari ulionyooka kuliko wangu. Alipomaliza alirudi nyuma, akavua barakoa akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejishangaa, na ndipo aliponiamkia. "Shikamoo, mama," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza nimefika.

Tangu siku ile hakuna boti inayolala karakana ikiwa na mkuku mzima. Ikishushwa kwenye gari, kabla ya chai, kabla ya karatasi, inageuzwa na kukatwa mahali pawili. Iwe imeletwa na mnyonge au mkubwa, iwe nzuri namna gani. Daraja lilipofunguliwa na boti za kuvusha watu kule Kigongo zikakosa kazi, zililetwa nyingi, na wenye nazo walitusihi tuwaachie hii au ile, bado ina nguvu. Nilikuwa nawapa kiti wakae, kwa sababu najua wanavyojisikia, na grenda inaendelea kulia. Mkikutana na boti mnayoipenda, na mtakutana nayo, anzeni na hiyo.

Huyo bwana mrefu mnayemwita Mkuu, anayewarudisha nyumbani mkija bila barakoa, ndiye Masatu. Nimemwomba ruhusa kabla ya kuyaandika haya. Alisema niandike, ila niseme pia kwamba sasa ana ng'ombe kweli. Anao watatu. Nimewaona.

Mama Neema siku ile hakutaka kuondoka mikono mitupu. Alizunguka vipande vyote akachagua ubavu wa kushoto, ule mrefu, akataka tumkatie sawa na baraza lake. Masatu akamlainishia kingo kwa msasa, akazipaka resini ili nyuzi zisitoke, akaenda kumfungia mwenyewe juu ya nguzo nne. Uko pale mpaka leo, wa njano, unauona ukiwa bado mbali barabarani.

Juzi nilimpelekea gauni la mjukuu alipunguze. Mvua ikatukuta, ile mvua nzito ya Buhongwa inayogeuza barabara kuwa mto. Tulikaa wawili chini ya ule ubavu, yeye anashona, mimi nashikilia kitambaa, maji yakipiga juu ya vichwa vyetu kwa kelele mpaka tukaacha kuongea. Nikainua macho kutafuta panapovuja. Hapakuwa na hata tone moja. Mama Neema aliniona ninavyotafuta, akaacha kukanyaga cherehani, akautazama ubavu ule pamoja nami.

"Boti yako, sasa ndiyo imejifunza kuzuia maji," akasema, akaendelea kushona.